Uchungu wa Kinini, Kutoka Kabambare Hadi Kalima

Kwa siku 80, tangu 22 Julai hadi 10 Oktoba 1870, mpelelezi David Livingstone hakutoka kibandani mwake Kabambare, mji wa Maniema, mashariki ya Kongo, ambao yeye aliuandika Bambarre. Miguu ilijaa vidonda, na siku 20 za mwisho homa nayo ikamshika. Vidonda alivitibu kwa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Lakini sanduku lake la dawa, lenye kinini ya kutibu homa, lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, wapagazi wawili walipotoroka nalo.

Kinini hutoka kwenye gome la msinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Mwaka 1820 wanakemia Pelletier na Caventou wa Paris waliitenga na vitu vingine vya gome hilo. Molekuli yake ina atomu 20 za kaboni, 24 za haidrojeni, 2 za naitrojeni na 2 za oksijeni. Mimea mingi hutengeneza vitu vichungu vya namna hii ili isiliwe.

Namna kinini inavyoua vimelea vya malaria inastaajabisha. Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula hemoglobini. Mlo huo huacha hemu, kitu chenye chuma ambacho ni sumu kwa kimelea chenyewe, kwa hiyo kimelea hukigandisha kiwe fuwele zisizodhuru. Kinini huzuia kuganda huko. Kimelea hufa kwa mabaki ya chakula chake.

Wakati wa Wabelgiji msinkona ulipandwa katika milima ya Kivu, na Bukavu ikapata kiwanda, Pharmakina, cha kutoa kinini kwenye magome yake. Dawa aliyoikosa Livingstone ikawa inatengenezwa mashariki ya Kongo yenyewe.

Siku hizi mmea unaotajwa sana ni artemisia. Dawa iliyomo ndani yake, artemisinini, ambayo ugunduzi wake ulimpa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ina atomu mbili za oksijeni zilizoshikana. Chuma cha hemu kikivunja kifungo hicho, hutokea vitu vikali vinavyokiunguza kimelea. Tatizo ni kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake majanini hutofautiana shamba kwa shamba.

Mwaka 2015 chai ya artemisia ilijaribiwa kwa wagonjwa wa malaria huko Kalima, katika Maniema ile ile. Makala ya mwaka 2019 ilidai kwamba chai imevishinda vidonge. Mwaka 2020 jarida lililoichapisha likaifuta. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo, na lina sababu nzito. Mama mwenye mtoto anayechemka kwa homa hawezi kujua kwa macho kikombe kimebeba dawa kiasi gani. Ikiwa pungufu, vimelea dhaifu hufa, na vile sugu hubaki vikizaana, mpaka mbu avibebe kwenda nyumba ya jirani.