Anayepita Njia Alipe, Lakini Alipie Nini?

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuweza kupita katika nchi ya Ugogo bila kutoa hongo. Neno hili leo latutia kinyaa, kwa kuwa limekuwa jina la rushwa. Lakini katika karne ya 19 halikuwa na aibu. Hongo ilikuwa ni ushuru ambao wenye nchi walimtoza mpita njia, nao ulilipwa kwa nguo, ushanga na waya. Mwenye msafara alinung'unika, akabishana siku kadha wa kadha, na mwisho alilipa. Maana Ugogo ni nchi kavu, na maji waliyokunywa yeye na wapagazi wake yalikuwa ya visima vya watu. Alikijua alicholipia.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu ushuru wa njia umerudi katika nchi zetu. Tangu mwaka 2016 wenye magari wanalipa kupita daraja la Kigamboni, lililojengwa kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii pamoja na Serikali. Tangu mwaka 2022 wanalipa Nairobi kupita barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27, ambayo kampuni ya Kichina iliyoijenga imepewa kuiendesha kwa miaka 27. Kabla hatujasifu wala kulaani, yatupasa tutazame nchi iliyokwisha kuonja utamu na uchungu wa jambo hili, nayo ni Marekani.

Msafiri atokaye New York kwenda Chicago kwa gari ana mwendo wa maili zipatazo 800. Akizifuata njia kuu za kulipia atapita majimbo ya New Jersey, Pennsylvania, Ohio na Indiana, na katika kila jimbo atakuta mamlaka nyingine, bei nyingine na kanuni nyingine. Hata akifika mlangoni mwa Chicago hajaokoka bado, kwani barabara ya Skyway nayo yadai chake. Wako ndugu zetu wa Kongo na wa Afrika ya Mashariki wafanyao kazi ya kuendesha malori huko, nao wajua vema kwamba ushuru wa lori kubwa si sawa na wa gari dogo, na kwamba mwisho wa safari ni lazima mtu fulani aubebe, ama mwenye lori, ama mnunuzi wa bidhaa dukani.

Mambo haya yalianzaje? Tarehe 1 Oktoba 1940 jimbo la Pennsylvania lilifungua barabara kuu yenye urefu wa maili 160, iliyopenya milima kwa mahandaki saba. Mahandaki sita kati ya hayo yalikwisha kuanza kuchimbwa katika karne ya 19 kwa ajili ya reli ambayo haikumalizwa kamwe. Fikira ya asili ilikuwa njema na nyepesi kueleweka: fedha zikopwe, barabara ijengwe, wapitao walipe, na deni likiisha watu wapite bure. Majimbo mengine yakafuata mfano huo; njia kuu ya Ohio ikamalizika mwaka 1955, na ya Indiana mwaka 1956.

Lakini mwaka huo huo wa 1956, mwezi wa Juni, Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu za kuunganisha majimbo yote. Sheria hiyo ilishika njia nyingine. Serikali ya Shirikisho ilichukua asilimia 90 ya gharama, na fedha zikatoka hasa katika kodi ya petroli, ambayo kila mwenye gari huilipa anapojaza tangi, awe anasafiri mbali au karibu. Njia zilizojengwa kwa fedha hizo hazikutozwa ushuru. Zile za zamani za kulipia zikaingizwa katika mpango, nazo zikaendelea kutoza. Ndiyo sababu hata leo jimbo la Pennsylvania lina njia kuu mbili zielekeazo magharibi: ya kusini ni ya kulipia, na ya kaskazini, yenye nambari 80, hupitwa bure.

Je, ile ahadi ya kwamba deni likiisha watu watapita bure ilitimizwa? Haikutimizwa. Barabara ilirefushwa, na mikopo mipya ikazaliwa juu ya ile ya zamani. Kisha mwaka 2007 Baraza la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kuitaka mamlaka ya barabara hiyo itoe mamia ya milioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya barabara nyingine, na mabasi na treni za mijini. Jimbo lilitaka pia kuanza kutoza ushuru katika njia ile ya bure yenye nambari 80, na mwaka 2010 Serikali ya Shirikisho ikakataa kabisa. Hata hivyo mamlaka iliendelea kudaiwa dola milioni 450 kwa mwaka hadi mwaka 2022, ndipo zikapunguzwa kuwa milioni 50. Ikalazimika kukopa ili itoe. Ushuru umekuwa ukipanda mwaka hata mwaka tangu 2009, na deni likapita dola bilioni 13. Mabasi ya mijini ni kitu chema, wala hatusemi kwamba yasisaidiwe. Twasema tu kwamba dereva wa lori aliyepita mlimani usiku hakuambiwa kibandani kwamba analipia basi la Philadelphia.

Jirani yake Indiana alifanya jambo jingine. Mwaka 2006 aliikodisha njia yake kwa makampuni ya kigeni kwa muda wa miaka 75, akapokea dola bilioni 3.8 kwa mkupuo mmoja. Fedha zile zilijenga barabara nyingi. Lakini mwaka 2014 kampuni iliyoiendesha ilifilisika, na mwaka uliofuata haki ya kuiendesha ikauzwa kwa wengine. Watoto watakaozaliwa mwaka 2050 watalipa ushuru kwa mkataba ambao babu zao walikwisha kuzitumia fedha zake. Na mwaka huo huo wa 2006 jimbo la Kentucky lilivunja vibanda vyake vya mwisho vya ushuru katika barabara ambazo madeni yake yalikwisha kulipwa. Basi ahadi yaweza kutimizwa, ikiwa watu wanataka kuitimiza.

Liko na jambo la haki. Siku hizi msafiri hubandika kijisanduku cha elektroniki kwenye kioo cha gari, na ushuru hukatwa katika akaunti yake bila ya gari kusimama. Asiye nacho hupigwa picha nambari ya gari, akaletewa hati nyumbani. Na katika Pennsylvania bei yake ni karibu mara mbili. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, jimbo hilo liliacha kupokea fedha taslimu, na baada ya miezi michache wafanyakazi wapatao 500 wakaachishwa kazi. Kwa hiyo mwenye akaunti na kadi ya benki hupunguziwa, na yule aliyezoea kutoa noti mfukoni hulipa zaidi kwa njia ile ile moja.

Basi sisi tujifunze nini? Kwanza, pawepo njia nyingine ya bure iliyo nzuri, ili anayelipa awe amechagua. Pili, mkataba useme waziwazi deni ni kiasi gani na litakwisha lini, na kila mwaka wananchi waonyeshwe lililobaki. Tatu, fedha ya njia itengeneze njia. Ikihamishwa, wanaolipa waambiwe. Nne, maskini asitozwe zaidi kwa kosa la kukosa akaunti.

Hatuukatai ushuru. Barabara haioti kama uyoga, na mtumiaji kuchangia ni haki. Lakini Mgogo aliyechukua nguo za msafara alitoa maji. Ushuru usiotoa maji, usio na hesabu wala mwisho, hauna budi kuitwa hongo, tena kwa ile maana ya leo.