Sarufi ya Tetesi: Lugha ya Kurasa za Michezo Wakati wa Usajili

Ligi inapomalizika na viwanja vikawa kimya, kurasa za michezo za magazeti ya Tanzania hazipungui. Mechi hakuna, lakini gazeti sharti litoke kesho. Pengo hilo huzibwa kwa tetesi za usajili, hasa za Simba na Yanga. Wengi wamelilalamikia jambo hili kuwa ni suala la maadili. Mimi ni mtu wa sarufi, nami naona kwamba udhaifu huo wa maadili umejificha katika viambishi.

Chukueni kichwa cha habari cha aina ya "Fulani atua Yanga". Kitenzi hicho kimebeba ile -a- ambayo vitabu vya sarufi huiita ya wakati usiodhihirika. Ina kazi halali: hufupisha, na huleta tukio machoni. Lakini je, mchezaji amekwisha kutua? Atatua wiki ijayo? Mwandishi hakusema uongo, maana hakutaja wakati. Msomaji aliyetoa fedha yake amesoma -me-.

Ndani ya habari hali ni mbaya zaidi. "Imeelezwa kuwa mchezaji huyo amekubali…" Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda aachwe, na kiambishi i- hakimrejelei mtu yeyote. Tena -me- ya kitenzi cha kwanza inathibitisha kuelezwa tu; kukubali hakujathibitishwa na yeyote. Mhariri makini angeuliza: imeelezwa na nani?

Haki itendeke. Lugha ya kurasa hizi ina daraja zake, na wasomaji wazoefu wanazijua: anayetajwa yu mbali, anayenyemelewa amekaribia, anayenukia yu mlangoni, na aliyemwaga wino amekwisha kutia saini. Huo ni ubunifu nisiothubutu kuubeza. Tatizo ni kwamba kichwa cha habari husema ametua, ilhali habari yenyewe husema anatajwa.

Mtetezi wa kurasa hizo atanitajia Clatous Chama. Mchezaji huyo wa Zambia aliondoka Simba mwaka 2021 kwenda RS Berkane ya Moroko, akarejea Simba Januari 2022, na Julai 2024 akatambulishwa Yanga. Tetesi za uhamisho huo zilikuwa zimetangulia kutimia kwake. Je, waliozichapa waliandika habari? La. Habari hupimwa kwa kile alichokijua mwandishi siku alipoandika. Anayetangaza mvua kila asubuhi hawi mtabiri siku inaponyesha.

Huwapa wanafunzi wangu zoezi: chukua habari moja ya usajili, uandike upya kila kauli ya kutendwa kwa kumtaja mtenda. Mara nyingi baada ya neno "na" hubaki nafasi tupu. Mwanafunzi mmoja alirudisha karatasi yenye sentensi moja tu iliyosalimika, nayo ilihusu mechi iliyochezwa mwezi uliotangulia.