Kanieneo

Kanieneo (pia: shinikizo) ni kipimo cha kani inayosukuma uso wa kitu kwa pembe mraba, ikigawanywa kwa eneo la uso huo. Neno lenyewe limeundwa kwa kuunganisha "kani" na "eneo". Kizio chake cha SI ni paskali (Pa), ambayo ni sawa na kani ya niutoni 1 kwenye eneo la mita ya mraba 1. Kizio hicho kilipewa jina la Blaise Pascal (1623–1662), mwanahisabati na mwanafizikia wa Ufaransa.

Kanieneo = kani ÷ eneo

Katika vitu mango

Kani ileile inaweza kuleta kanieneo tofauti kulingana na eneo linaloguswa. Kwa mfano, tofali lenye uzito wa niutoni 20 na vipimo vya sentimita 20 × 10 × 5 likilazwa kwa upande wake mpana (m² 0.02), kanieneo juu ya sakafu ni Pa 1,000. Likisimamishwa kwa upande wake mdogo kabisa (m² 0.005), kanieneo ni Pa 4,000, ingawa uzito haukubadilika.

Ndiyo sababu kisu kikinolewa hukata kwa urahisi, na msumari hutengenezwa ukiwa na ncha kali. Kinyume chake, msingi wa nyumba hufanywa mpana kuliko ukuta, na trekta huwekewa magurudumu mapana, ili visizame ardhini.

Katika vimiminika

Kitu mango huhamisha kani hasa kuelekea upande inakosukumwa. Kimiminika kilichotulia husukuma pande zote: chini, juu na kandokando. Kanieneo chake huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka:

Kanieneo = kina × densiti × mchapuko wa graviti

Umbo la chombo na wingi wa kimiminika havimo katika kanuni hii. Bomba jembamba na tangi kubwa vikiwa na maji ya kina kimoja, kanieneo kwenye sakafu zake ni sawa. Kwa hiyo ukuta wa bwawa hujengwa mnene zaidi chini kuliko juu, na tangi la maji la nyumba huwekwa mahali palipoinuka.

Kanieneo kinachoongezwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea kila mahali ndani yake bila kupungua. Hii ni kanuni ya Pascal, na hutumika katika breki za magari na jeki za haidroliki. Kani ya niutoni 100 kwenye pistoni ya m² 0.001 inaweza kuinua mzigo wa niutoni 2,000 kwenye pistoni ya m² 0.02. Hata hivyo, pistoni ndogo hulazimika kusogea umbali mara 20 zaidi.

Katika gesi

Hewa nayo ina uzito. Kanieneo cha kawaida cha angahewa kwenye usawa wa bahari ni Pa 101,325. Binadamu hakihisi kwa sababu kanieneo ndani ya mwili wake hulingana nacho. Mwitalia Evangelista Torricelli alionyesha mwaka 1643 kwamba angahewa huweza kushikilia safu ya zebaki yenye urefu wa milimita 760 hivi. Kwenye kilele cha Kilimanjaro (mita 5,895) kanieneo cha hewa ni takriban nusu ya kile cha pwani, hivyo wapandaji hupata oksijeni kidogo kwa kila pumzi.

Usalama wa wazamiaji

Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo kinachokaribia kile cha angahewa nzima. Hivyo kwenye kina cha mita 10 mzamiaji hubanwa na kanieneo mara mbili ya kile cha juu ya maji. Akiwa amevuta hewa ya mtungi hapo chini, kisha akapanda huku ameziba pumzi, hewa hiyo hutaka kutanuka hadi karibu mara mbili na inaweza kupasua mapafu. Kwa hiyo wazamiaji hufundishwa kupanda polepole na kutoacha kupumua.