Jiji likifufuka, nani atafaidika? Mafunzo kutoka Likasi



Wengi wetu tunaamini kwamba viwanda vikifunguliwa tena, kazi na amani vitarudi pamoja. Historia ya Likasi, jiji la shaba katika Haut-Katanga, inaonyesha kwamba mambo hayaendi hivyo yenyewe.

Kampuni ilikuwa baba na mama

Tangu ukoloni, jiji lilipoitwa Jadotville, maisha yalitegemea viwanda vya Shituru na Panda. Union Minière, na baada ya mwaka 1967 Gécamines ya serikali, ilitoa mshahara, nyumba, shule, hospitali na mposho wa unga. Watu waliiita baba na mama. Wafanyakazi wengi walitoka mbali, hasa Kasai, na watoto wao wakazaliwa hapo hapo Likasi.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Lakini mitambo haikutunzwa, fedha zilipelekwa kwingine, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ukabomoka. Miaka michache baadaye uzalishaji haukufika tani 50,000.

Ukosefu wa kazi ukageuzwa chuki

Kazi ilipopungua, wanasiasa waliwaambia watu kwamba jirani ndiye aliyewanyang'anya. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Huko Likasi maelfu walilala kwenye stesheni wakingojea treni, na wengi walikufa kwa magonjwa na njaa.

Je, kuwafukuza kulirudisha kazi? Hapana. Kampuni ilipoteza mafundi, na hali ikazidi kuwa mbaya. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa malipo ya mara moja, wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Familia ziliishi kwa kulima mahindi kandokando ya jiji, kwa biashara ndogo za akina mama, na kwa kuchimba madini kwa mikono.

Shaba imerudi, lakini si kama zamani

Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliwafungulia mlango wawekezaji binafsi. Leo Kongo inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka. Hata hivyo mitambo ya kisasa inahitaji watu wachache, na ile kampuni iliyolisha na kusomesha familia nzima haipo tena. Kwa hiyo tusiulize tu kampuni itakuja lini. Tuulize: sehemu yetu ni ipi, na nani anahesabiwa?

Sheria inasema nini?

Marekebisho ya mwaka 2018 yanagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa jiji, komuni, sekta au chefferie yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena, kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kuweka sahihi kwenye cahier des charges, yaani orodha ya ahadi zake kwa wananchi.

Tufanye nini?

- Viongozi watangaze hadharani fedha zilizopokelewa na kazi zilizofanywa nazo. Fedha za siri huzaa uvumi, na uvumi huzaa ugomvi.
- Wakimbizi wa ndani na wenyeji wakae pamoja wanapochagua miradi. Barabara ya sokoni au kisima humfaidia kila mmoja.
- Vijana wafundishwe ufundi unaotumika hata mgodi ukifungwa: kuchomelea, umeme, ujenzi, kilimo.
- Anayesema kazi zimekosekana kwa sababu ya kabila fulani, aulizwe hesabu za fedha ziko wapi.

Likasi ilipoteza kazi, kisha ikapoteza majirani. Jiji linalotaka kusimama tena linahitaji vyote viwili.