Wanyama wa jedi na twiga wa Malindi

Wengi wetu tukiingia British Museum tunapita haraka kwenye makabati ya vioo ya China. Jamani, safari ijayo tusimame kidogo. Vile vinyama vya ajabu ni vya jedi, jiwe ambalo Wachina huliita yu. Kisu hakiwezi kulichonga, maana ni gumu mno. Fundi alilisugua kwa mchanga mkali na maji, siku nenda siku rudi, mpaka umbo likatokea.

Kila mnyama ana kazi yake. Bixie, kama simba mwenye mabawa, anajulikana tangu enzi ya Han (206 K.K. hadi 220 B.K.), na aliaminika kufukuza mabaya. Qilin, mwenye kwato na magamba, eti huonekana pale tu mtawala anapokuwa mwema.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea Yongle, mfalme wa China, twiga. Watu wa ikulu wakasema: huyu ndiye qilin! Mpaka leo Wajapani humwita twiga kirin.

Kwa hiyo mtu akikwambia Afrika na China zimejuana juzi tu, mpeleke akamwone qilin.