Ofisi Dar es Salaam, Meza Sikonge

Mzee wetu mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri na jambo lililomkosesha usingizi. Binti yake, mwenye stashahada ya ualimu, amepata kazi ya kuratibu masomo ya watu wazima. Ofisi iko Dar es Salaam; yeye ataifanyia nyumbani, hapa Sikonge. Je, hiyo ni kazi au ni kuchezea simu?

Tulimjibu kwa mfano ulio karibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humfuata mwanafunzi alipo kupitia vituo vya mikoa, Tabora ikiwemo. Chuo cha namna hiyo hakisimami kwa wahadhiri peke yao. Yupo anayepanga ratiba, yupo anayetunza alama kama amana, na yupo, kwa maoni yetu muhimu kuliko wote, anayempigia simu mwanafunzi aliyenyamaza kabla hajaacha masomo kabisa. Kazi hiyo yataka subira na uaminifu kuliko kompyuta ya bei kubwa.

Hatukumficha ugumu. Mtandao hukatika, umeme vilevile. Na jamaa wakimwona binti ameketi, humtuma kisimani. Tulimshauri wausome mkataba pamoja: mshahara, saa za kazi, na nani analipia bando. Kisha amtengee chumba chenye mlango.

Akauliza kuhusu sala. Tulitabasamu: adhana ya msikiti wetu ataisikia akiwa mezani pake.

Juzi tulimkuta dukani akinunua kitasa.