Kibati cha Askari Ni Jina la Mtu

Vita humalizika kwa sahihi za wakubwa, lakini ardhi haizijui sahihi hizo. Hata leo, katika bustani za Ujerumani na za nchi zilizopiganiwa na majeshi yake, mtu anayelima viazi hugongesha jembe lake katika kipande cha bati chenye tarakimu. Aghalabu hukidhani takataka. Sisi twasema si takataka. Ni jina la mtu, na huenda ni habari pekee ambayo jamaa zake waliingojea tangu mwaka 1945.

Na tueleze kinavyosomwa. Kibati cha askari wa Ujerumani wa Vita Kuu ya Pili kina umbo la yai, nacho kilifanywa kwa zinki au aluminiamu. Katikati kimetobolewa nafasi nyembamba ili kiweze kuvunjwa, na alama zilizogongwa nusu ya juu zimerudiwa nusu ya chini. Askari alipokufa, nusu ya chini ilivunjwa ikapelekwa pamoja na taarifa ya kifo, na ya juu ikazikwa naye. Kwa hiyo hali ya kibati yenyewe ni ushahidi. Nusu ya juu peke yake huonyesha kwamba yamkini kifo kilikwisha kuandikwa. Kizima chataka hadhari zaidi: huenda mwenyewe amelala papo hapo, hakuhesabiwa na mtu, au huenda alikitupa siku ya kushindwa, akavaa nguo za raia, akaenda zake kwao.

Jina halimo juu yake. Mna namba, kundi la damu na kifupisho cha kikosi. Na hapo ndipo wengi wanapopotea, kwani kikosi hicho ni kile kilichompa kibati alipoandikishwa, pengine kikosi cha mafunzo tu, wala si lazima kiwe ndicho alichofia. Jina lilikuwa katika orodha, na orodha zilipelekwa Berlin, katika ofisi iliyofunguliwa Agosti 1939, siku chache kabla ya vita. Tangu mwaka 2019 kazi ya ofisi hiyo imo mikononi mwa Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, na huko ndiko maswali yapelekwako.

Waingereza walifanya vingine. Tangu mwaka 1916 askari wao alivaa vibati viwili vya nyuzi zilizoshindiliwa: chekundu cha mviringo, kilichochukuliwa alipokufa, na cha kijani cha pembe nane, kilichobaki na maiti. Lakini nyuzi huoza udongoni. Hiyo ni sababu mojawapo ya makaburi mengi yasiyo na majina.

Basi mwenye kuokota kibati asikisugue kwa brashi ya waya, wala asijaribu kukinyoosha, maana zinki iliyoliwa na udongo huvunjika. Akioshe kwa maji, akitazame kwa mwanga wa ubavuni, aandike mahali na kina alipokikuta. Akiona mfupa, aweke jembe chini, awaite polisi. Na asikiuze. Wako wafukuao makaburi usiku kwa ajili ya soko la kumbukumbu za vita. Kibati kilichotengwa na mahali pake kimenyang'anywa nusu ya habari zake.

Wako watakaotuuliza: ya nini kumhangaikia askari wa Hitler? Tunajibu kwamba alipigania dhuluma, na hilo hatulifichi. Lakini kumtambua maiti si kumsifu. Mama aliyemzaa ana haki ya kujua alipolala.

Tena sisi tunayo sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zimepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba risasi na unga kwa nguvu za miili yao. Tume ya makaburi ya vita ya Waingereza iliundwa mwaka 1917, ikashika kanuni kwamba wafu wote ni sawa. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika taarifa yake yenyewe kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hawa hawakupotezwa na udongo. Walipotezwa na kalamu.

Kwa hiyo, ndugu, kila nyumba yenye nishani, cheti au barua ya babu aliyekuwa mpagazi, au askari wa King's African Rifles aliyekwenda Burma, ifungue sanduku leo. Yaandikwe jina lake, kijiji chake, namba yake na mwaka wake, na nakala ipelekwe penye nyaraka za taifa. Wenzetu wanatafuta jina kwa namba iliyogongwa katika bati. Sisi tungali na majina vinywani mwa wazee, nao wazee hawatungoji.